Tumbaku Iliyonichoma Ulimi

Wanjiru mjukuu wangu,

Sasa? Huku Kawangware tuko salama. Goti la shosho yako limepona, amerudi kuuza mboga. Barua yako nimeisoma. Wiki mbili tu kazini Eldoret, na tayari unauliza mtu hujuaje kama kazi ni mbaya.

Miaka ya tisini nilikuwa nakata nyasi kwa mzungu mmoja. Alipohama aliniachia kiko na mkebe wa tumbaku ya Virginia, ile inayoshindiliwa na kukatwa vipande vyembamba. Ilinukia asali. Nikaivuta kwa pupa, ikanichoma ulimi hadi chai ikanishinda. Nikatangazia stage nzima ya matatu za 56 kwamba ni takataka.

Mwishowe nikaipeleka Kibera nimuuzie Mama Atieno, mama mzee wa kutoka ziwani aliyeuza tumbaku pale kijiji cha Lindi. Alinusa kipande, akakifikicha taratibu, akakisokota kwa karatasi, akawasha. Halafu, Wanjiru, akageuza ule upande unaowaka, akautia ndani ya mdomo, akafunga midomo! Nilipiga kelele. Nilijua ameungua. Yeye akafumba macho, akavuta polepole kama mtu anayepumua usingizini, moshi ukimtoka puani. Kumbe kwao akina mama wazee huvuta hivyo.

Alipoitoa mdomoni, moto ulikuwa bado mwekundu.

"Hii ni tamu sana," akasema. "Nani alikuambia inachoma?"

Kwa aibu nikadanganya kwamba nilisikia watu tu wakisema.

Tumbaku niliacha kitambo. Hilo swali lake bado ninalo, na leo nakutumia uiulizie hiyo kazi yako.

Guka yako