Gundi Isiyoshika Moto

Machi 3

Mama, shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Mimi mzima, ila vidole vinanata. Hapa maabara tunatengeneza gundi ya epoksi isiyoshika moto, ya kufunika mitambo ya umeme kwenye treni. Tukizidisha unga wa kuzuia moto, kipande cha gundi iliyokauka kinavunjika kama biskuti. Tukipunguza, kinawaka na kudondosha matone. Chini tunatandaza pamba. Ikishika moto, tumefeli. Bosi anasema jaribio la Mei ndilo la mwisho. Tukishindwa, narudi tushone magodoro pamoja, kama tulivyokubaliana.

Kitindamimba wako

Machi 19

Marahaba, mwanangu. Mgongo ni ule ule, kila asubuhi unanikumbusha kwamba bado upo. Hivi mnachoma pamba? Nzima nzima! Na mimi hapa naokoteza hata vinyuzi. Sikufichi, natamani urudi. Magodoro makubwa siwezi tena kuyageuza peke yangu, na wateja hawana subira. Lakini fanya kazi yako vizuri, usije ukasema mama ndiye aliyekuroga.

Mama yako

Mei 22

Mama, shikamoo. U mzima? Naandika badala ya kupiga simu, maana ungenisikia nalia. Pamba imewaka. Kosa ni langu: nilikitoa kipande kwenye oveni kabla hakijakauka katikati. Bosi amelegea, anasema naweza kuomba jaribio jingine, ila ni kazi ya miezi, na wewe nilikuahidi. Nafungasha.

Kitindamimba wako

Mei 30

Marahaba. Mzima, na wewe fungua hilo sanduku. Tangu utotoni hukuweza kungoja hata chai ipoe, sasa unashangaa nini? Niliposoma unakuja niliruka kwa furaha, mgongo ukaniambia kaa chini. Nikasoma tena. Mtu anayejua kosa lake liko wapi anafungasha ili iweje? Magodoro nimeacha, nashona mito tu, na sijalala njaa. Omba hilo jaribio. Ukija sasa tutagombana.

Mama yako anayekutaka sana

Novemba 8

Mama yangu, shikamoo, na tena shikamoo. Imepita! Tulipoondoa moto, kipande kilishika ukoko mweusi, kikazimika chenyewe. Hakikudondosha kitu, na tulipokikunja hakikuvunjika. Wenzangu walipiga vigelegele, mimi nikajifungia chooni nikalia. Nimepewa ajira ya kudumu, na likizo naanzia kwako Jumamosi.

Asante, mama. Hakuna aliyenihitaji kuliko wewe, na ni wewe uliyenikataza kurudi.

Mwanao