Ukurasa wa Pili wa Gesi

Jumatano, 6 Agosti 1986
Baba ameleta mtungi wa buluu kutoka Mombasa. Naitrasi! Gesi ya kuipa Datsun yetu nguvu zaidi kwenye mashindano ya mwezi ujao, injini ikibaki ile ile ya kiwandani. Maelezo yamo kwenye gazeti la Kizungu, kwa hiyo nimeitwa gereji nimsomee Hassan, fundi wetu. Wanaume wanane pale! Nilianza vizuri: mtungi ufungwe imara mbali na joto, gesi ifunguliwe tu mafuta yakikanyagwa hadi mwisho. Kisha nikakwama kwenye neno refu la Kizungu. Ndeti, dereva wa lori, akasema, "Mwalimu amezama matopeni, tumsukume!" Wakacheka wote. Hassan akauliza, "Ndiyo mwisho, mwanangu?"
Nikasema ndiyo.
Kulikuwa na ukurasa mwingine.

Alhamisi, 7 Agosti
Nimeusoma peke yangu. Gesi ikiongezwa, lazima petroli nayo iongezwe, la sivyo moto unazidi nguvu ya pistoni. Taimingi nayo, yaani wakati wa cheche kuwasha petroli, irudishwe nyuma kidogo. Nilienda kumwambia Hassan. Ndeti na wenzake walikuwepo. Kesho.

Ijumaa, 8 Agosti
Walikuwepo tena.

Jumamosi, 9 Agosti
Asubuhi wamelijaribu gari barabara ya Kalamba, Baba akiendesha. Liliruka kama swala, anasema Ndeti. Halafu moshi. Pistoni imetoboka — nimeliona tundu, kidole kinapita. Baba hakuumia, Mungu ashukuriwe. Lakini alivyomfokea Hassan! "Miaka tisa, bwana! Na umesomewa kila kitu!"
Hassan akasema, "Nilifuata kila neno, mzee."
Amefutwa kazi. Nilikuwa nimesimama hapo hapo na birika la chai. Nikawamiminia chai.

Jumapili, 10 Agosti
Kanisani Baba amesimama kutoa ushuhuda, jinsi Mungu alivyomwokoa. Kisha akaomba tumwombee fundi aliyekosea, asamehewe. Kanisa zima likaitikia Amina. Na mimi pia. Nimesema Amina!

Jumatatu, 11 Agosti
Hassan amekuja kuchukua spana zake. Baba ameenda shambani. "Mutindi mwanangu," ameniambia, "nisomee tena, pole pole. Nataka kujua nilikosea wapi, nisije nikaua mtu huko niendako."
Nimemwambia nalitafuta gazeti. Amekaa kwenye benchi nje, anafuta spana moja moja kwa kitambaa. Gazeti liko hapa magotini pangu, chini ya daftari hili.
Ameita sasa hivi: "Limeonekana?"