Mwalimu Ameshanitangaza Kanisani

Shangazi Severina, shikamoo. Nimekwama, nishike mkono, maana Jumapili hii Mwalimu Chediel atanisimamisha kanisani kwetu Nduguti nitoe ushuhuda wa jambo ambalo halikutokea. Ndiye aliyenifundisha fizikia, maabara hatuna, anachuna waya wa shaba kwenye redio mbovu, anauunga na betri za tochi, tunaugusa kwa zamu mpaka unatuunguza, naye anasema, "Joto hilo ni umeme unaopotea, wanangu, siku moja mmoja wenu atauzuia," na hadi leo nikikumbuka darasa lile, vumbi na alizeti dirishani, machozi yananilenga. Sasa nasoma ughaibuni, tunatandaza tabaka za oksidi ya shaba, nyembamba mno hata utando wa maziwa ni blanketi mbele yake, moja haipitishi umeme, ya pili inapitisha kwa shida, ila zikilaliana na kupozwa sana tunatarajia umeme upite mpakani pao bila kupotea hata chembe. Mwezi uliopita kipimo cha umeme unaopotea kilisoma sifuri, nikampigia Mwalimu kabla ya mtu yeyote, "Tumeweza!" akalia, nikalia. Wiki iliyofuata nikagundua nyaya mbili za kipimo zikipoa zinajikunja na kugusana, ndiyo sababu ya sifuri ile. Profesa nilimwambia, akasema turudie. Mwalimu sijamwambia, ana miaka sabini na moyo unamsumbua, ameshatoa mbuzi wa shukrani, nami niko likizo hapa mjini, Utemini, naogopa hata simu yake. Nimwache na furaha yake?

Binti Mwenye Aibu

Marahaba, mwanangu. Umenikumbusha mwalimu wangu wa hesabu, marehemu sasa, ambaye sikuwahi kumshukuru, na imeniuma. Pole sana.

Ila nyaya kugusana ni ajali. Kunyamaza ni kosa lako, na njia ya mwongo ni fupi. Unasema unalinda moyo wa mzee. Hebu acha! Unalinda uso wako. Aliyefundisha kwa redio mbovu ameona majaribio mangapi yakigoma? Nduguti nzima, ni yeye pekee atakayekuuliza nyaya zilikaaje, na wewe unataka kumnyima mazungumzo hayo.

Nenda na daftari lako la vipimo. Msalimie, umwambie kabla chai haijamiminwa. Jumapili simama umshukuru Mungu kwa ajili yake, mbuzi ataliwa kihalali.

Tena usichelewe. Jina lako umelificha, la Mwalimu umeliacha wazi, na binti wa Nduguti anayepima shaba ughaibuni ni mmoja tu. Gazeti hili hufika huko Jumamosi kwa basi la mchana. Wewe panda la asubuhi.