Kahawa Niliyowapa Waliokuja Kuchukua Pikipiki

Mama Ikram, acha wateja kwanza, soma hii.

Lile gari la mradi wa dawa tulilokuwa tunalisubiri limefika leo hapa Songambele. Na mimi kwa ujinga wangu nimevaa kitenge cha harusi ya Bainomugisha, nikawapokea wageni kwa kahawa ya kutafuna, zile punje kavu za kumkaribishia mgeni, kwenye kile kikapu changu chenye kifuniko. Nimepiga na magoti!

Kumbe wamekuja kuchukua pikipiki. Pikipiki ya nesi Tukahirwa, ile inayomletea mjukuu wangu dawa zake za virusi! Wamepokea kahawa yangu, halafu wakapakia pikipiki.

Nikamuuliza yule mama kiongozi wao, "Mwanangu, tumekosa nini?"

Anasema, "Bibi, hamjakosa. Serikali ya ng'ambo iliyotoa pikipiki imesitisha msaada. Yetu bado inazungumza nao."

Inazungumza! Mama Ikram, virusi vinasubiri watu wamalize kuzungumza?

Na anayasema hayo anatafuna. Anatafuna kahawa yangu! Kwetu ukishatafuna kahawa ya mtu, humtendi ubaya. Huyo ametenda ikiwa bado mdomoni.

Dawa za mtoto zimebaki za siku kumi na moja. Hospitali unaijua ilivyo mbali. Nitamfikisha, hata kwa miguu. Lakini jioni ameniuliza, "Bibi, ulikuwa unawapigia magoti ya nini?"

Sijakuambia la mwisho. Wakati wa kuondoka yule mama alirudi akachota punje nyingine za kutafuna njiani, na mimi nikamshikia kikapu.