Gemu ya Mtu Mmoja

Jumamosi usiku, 1988

Nimerudi nyumbani Kapsoya kutoka dukani mikono mitupu, na bado nimekasirika. Kuna gemu ya video inayotoka kwa sehemu; ya kwanza na ya pili tulicheza na kaka yangu Otieno mbele ya TV mpaka Mama akatufukuza tukalale. Leo nilitaka kumnunulia ya tatu, angalau turudi kuongea. Tangu kura ya mlolongo mwaka huu, niliposimama kwa foleni ya mgombea ambaye Otieno hampendi, hajanisalimia.

Mwenye duka akaniambia, "Hii mpya inachezwa na mtu mmoja tu, madam."

Mtu mmoja! Hata gemu sasa inatutenganisha? Nikamrudishia.

Nikapita kwa Otieno hivyo hivyo. Akaniona dirishani, akavuta pazia.

Kesho nitagonga huo mlango mpaka afungue, hata kama ni kunitukana tu.