Mpaka Unaochorwa Kabla Tumbo Halijaonekana

Mji wa Baraka, Jumanne. Mvua tangu asubuhi, ziwa halionekani. Nimekaa ndani na woga wangu.

Wiki tatu zilizopita yaya Neema, dada yangu mkubwa, alikuja ameshika tumbo. "Docteur wa telefone, nipatie dawa." Udocteur huo nilipewa na familia kwa kusomasoma kwenye simu, si na école, shule ya udaktari. Nikampa vidonge vya minyoo. Akameza mbele yangu.

Jana mama kaninong'oneza: Neema iko na mimba ya miezi miwili. Nikahesabu. Siku ile ya vidonge mimba ilikuwa tayari ndani.

Kwetu mimba haisemwi mpaka ijiseme yenyewe, wenye roho mbaya wasisikie. Na yaya ameingoja hii miaka sita.

Karatasi ya dawa inakataza kumpa mwenye mimba changa. Nilikuwa nimeisoma. Sikumuuliza.

Miezi sasa nafuga vinzi vya ndizi mbivu kwenye chupa, na nasoma habari zao kwenye simu. Saa za kwanza, yai la nzi halina kichwa wala mgongo. Nzi mama ameacha ujumbe upande wa mbele, nao unafifia kuelekea nyuma. Katikati ni vurugu: jeni mbili, yaani amri mbili za "hapa pawe nini", zinasikika mahali pamoja. Kisha kila moja inaanza kumnyamazisha jirani. Ni kama mashamba mawili ya kijijini Lubondja: mwanzoni muhogo wako umeingia kwenye maharage yangu, halafu kila mtu anang'oa ya mwenzake mpaka unabaki mstari. Ukungu unakuwa mpaka.

Yote hayo kabla jicho halijaona kitu.

Zamani hilo lilinifurahisha. Leo linanitisha. Najiambia yai linajua kusafisha vurugu yake lenyewe. Sawa, lakini nzi zangu sikuwahi kuzimezesha vidonge. Na yaya si nzi.

Mchana yaya alipita hapa, akacheka: "Mbona leo hauna maneno, docteur? Telefone imekufa?"

"Iko na chaji kidogo tu, yaya."

Uongo. Ilikuwa imejaa.

Kesho anaenda consultation yake ya kwanza, kupimwa mimba hospitalini. Nitamsindikiza. Nitamwambia njiani, halafu nesi nimtajie jina la dawa na siku. Yaya akinitukana, ni haki yake, matusi nimeyazoea.

Akilia, sijui nitaweka wapi mikono.