Gari la Kukatwa Mshahara

Bariadi, Simiyu
Jumapili, 14 Septemba 2025

Kaka yangu mpendwa Januarius,

Mwangaluka, kaka. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Namtumbo, wewe na wanafunzi wako, na kwamba lile jino lililokusumbua mwezi wa saba umeshaling'oa, ingawa nakujua unavyoogopa sindano. Huku sote ni wazima wa mwili. Shangazi Domitila goti limepoa, na mvua za kwanza bado hazijaonyesha dalili. Hayo ndiyo mepesi. Yaliyobaki ni mazito.

Utajiuliza kwa nini sikupiga simu. Nilipiga mara mbili wiki hii. Ulipokea kwa furaha, ukaanza kunieleza habari za Lucy na suti ya harusi, nami nikaishia kukuuliza kama huko kuna baridi. Kwenye karatasi angalau huwezi kunikatiza.

Nianze na gari. Unalijua lile gari la umeme, jeupe, ulilowaonyesha walimu wenzako kwenye simu ukijigamba kwamba mdogo wako wa kiwandani amekupita. Nilipolipeleka nyumbani Lingeka mwezi wa kwanza, waliliita gari bubu, kwa sababu liliingia hadi uani na kuku hawakukimbia. Jirani mmoja alizunguka nyuma kutafuta bomba la moshi, alipolikosa akanipa pole kwa kuuziwa gari lisilokamilika. Shangazi alipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Nami nilisimama pale, funguo kidoleni, napokea hongera.

Kaka, gari lile si langu. Ni la kampuni moja ya Dar es Salaam. Kiwanda chetu cha kuchambua pamba kilileta mpango: mfanyakazi anakubali mshahara wake upunguzwe kila mwezi, kabla haujakatwa kodi, na kiwanda kinamkodia gari kwa hicho kilichopunguzwa. Unaliendesha miaka mitatu, ikiisha unalirudisha na funguo zake. Na anayeandaa mishahara pale kiwandani ni nani? Ni mimi. Mimi ndiye niliyewaeleza wenzangu neno kwa neno, wasije wakadhani wamenunua. Halafu nikaenda Lingeka nikasema nimenunua.

Wazee wa Lucy walipokuja Februari kutoka Malampaka kuona kwetu, nilijipeleka mwenyewe kuwapokea stendi ya Mwanhuzi. Sijui nani alinituma. Walikuwa wamekuja na hesabu ya mahari ya ng'ombe kumi na watano. Wakakaa kwenye viti laini, wakapulizwa na kiyoyozi njia nzima, wakafika wakakuta zizi la baba limejaa, wakaenda pembeni kunong'ona, wakarudi na ishirini. Baba akakubali papo hapo. Wewe kwenye simu ulifurahi, ukasema mzee siku hizi amekuwa mstaarabu. Mimi nilishangaa, maana baba akinunua hata kamba ya kufungia ndama hubishana mpaka muuzaji anaanza kufunga meza yake.

Nilikuja kujua sababu mwezi wa nne. Jumamosi moja nilikwenda Lingeka chaji ikiwa imebaki kidogo sana, kwa kuwa Bariadi umeme ulikuwa umekatika. Nikachomeka gari kwenye soketi ya sebuleni kwa waya uliopita dirishani, na kwa soketi ile gari hunywa umeme kutwa nzima bila kushiba. Saa nne asubuhi LUKU ya baba ikaisha, nikanunua nyingine. Nikawa mfungwa pale uani. Baba aliona nafasi, akavuta kigoda akakaa karibu yangu.

Alianza kwa kuzungukazunguka, akauliza habari za kazi, akasifu taa za gari. Mwishowe akaniomba niliuze, tununue ng'ombe wa mahari yako; kumbe alipokubali ishirini papo hapo alikuwa akilitegemea gari langu. Nilikasirika, kaka, sikufichi. Nikamjibu kwa sauti ambayo mtoto hapaswi kumtolea baba yake, kwamba Januarius ana ng'ombe wake kumi na mmoja mle zizini, aliowanunua mmoja mmoja kwa mshahara wa ualimu, na baba ana wake juu ya hao, sasa gari langu linaingiaje? Alirudia tu kwamba niliuze. Ikabidi niseme kweli. Nikamweleza mpango wote, mshahara, kodi, miaka mitatu, kurudisha.

Nilitegemea atagomba. Badala yake alitikisa kichwa taratibu akasema ameelewa kabisa: maziwa unakunywa, samadi unapeleka shambani, lakini ng'ombe si wako. Nikamwambia ndivyo. Akanyoosha mkono kuelekea zizini, akasema basi na wale ni hivyo hivyo.

Nilidhani ananitania. Nilicheka kabisa, kaka, nikacheka peke yangu. Ng'ombe wale walikuwa wa mzee Ngeleja wa Maswa, yule tajiri wa mifugo, aliyewaweka kwa baba watunzwe kama wafugaji wetu wanavyowekeana tangu zamani, ili ugonjwa au wezi wasimalize mali yote mahali pamoja. Wetu walikuwa wawili tu, na mmoja ni kilema. Hata yule ndama mwenye baka jeupe usoni, ambaye baba alikutumia picha yake ukamwita Profesa, ni wa Ngeleja. Nikakaa chini kwenye vumbi na gauni langu la kazini.

Nikamuuliza wale wako wewe, kumi na mmoja, wako wapi. Akasema kwamba nilikwisha kuwasoma.

Nilipata kuelewa polepole, mithili ya mtu aliyepigwa kofi gizani. Unakumbuka miaka yangu mitatu ya chuo Mwanza: ada, chumba, ile kompyuta niliyolilia. Kila muhula ng'ombe wako wawili walikwenda mnadani, muhula wa mwisho akaenda mmoja. Baba aliniambia pamba imemwendea vizuri. Miaka ile pamba iliungua kwa jua na mimi nililiona shamba kwa macho yangu, lakini sikujiuliza, kwa kuwa ada ilikuwa inalipwa. Kila walipotoka wako, aliomba wengine kwa Ngeleja, zizi lisionekane tupu ukija likizo. Na wewe ulikuja, ukawapapasa migongo, ukaondoka na furaha yako.

Sasa mzee Ngeleja amefariki mwezi uliopita. Jumatano wanawe walikuja, wakawatambua ng'ombe wa baba yao mmoja mmoja kwa alama za masikio, wakawaswaga wote mchana kweupe, kijiji kizima kikitazama. Shangazi alikuwa hajui lolote. Alipiga yowe, majirani wakaja mbio wakidhani kuna msiba. Baba alibaki amesimama mle zizini na fimbo yake, na wale wawili wetu. Mnadani watu wa kwetu Meatu na wa Malampaka hukutana kila wiki, kwa hiyo habari hii itafika kwa kina Lucy muda si mrefu. Nimeona uisikie kwetu kwanza.

Jumanne, 16 Septemba

Kaka, naendelea. Jana nilimsomea baba kwa simu yote hadi hapo juu. Akasema ni kweli tupu, nifunge bahasha. Leo mchana namwona huyo mlangoni kwangu Bariadi, kavaa koti la kanisani, mfuko mmoja mkononi. Amesema barua hii ataileta mwenyewe hadi Namtumbo, kwa sababu mtu aliyeuza ng'ombe wa mwanawe hawezi kutuma karatasi ikamsemee. Baba, ambaye hajawahi kuvuka Shinyanga! Nimembembeleza, nimegomba, nimelia. Amekataa katakata. Basi lake ni la kesho. Sasa hivi yuko kwa kinyozi, nami kabla hajarudi nakuandikia ukurasa huu ambao yeye hajausikia.

Atakuambia kwamba alinyamaza kwa woga wake mwenyewe. Amenikataza kuandika vingine, na najua njia nzima atakuwa anayapanga maneno hayo. Usimwamini. Siku ile ile ya Aprili alichukua simu akupigie. Alisema ni bora ujue mapema, kabla hujamwahidi binti wa watu harusi ya Desemba. Mimi ndiye niliyempokonya simu mkononi. Nilimwambia ungekasirika usirudi nyumbani tena, nikamwambia nitatafuta njia, na sikutafuta yoyote. Ukweli ni kwamba nilijionea haya. Ungejua ni ng'ombe wako walionisomesha, ungeniambia niuze gari nikurudishie, na ningelazimika kukiri mbele yako na mbele ya Lingeka yote kwamba sina gari. Kwa ajili ya hilo tu nimekuacha miezi mitano ukipanga harusi juu ya ng'ombe wa watu. Baba alizeeka macho yangu yakiona, nami nikaendelea kuendesha.

Jana nimeandika barua ya kulirudisha. Kuna faini ya kuvunja mkataba, na wanitoze. Jumamosi nitakwenda Malampaka kwa basi, niwaambie wazee wale kwamba ishirini yao niliipandisha mimi kwa gari la kukodi. Lakini Lucy ni wa kuambiwa na wewe. Tafadhali mpigie kabla ya Jumamosi.

Shangazi anakusalimu sana na anakuombea. Wasalimie walimu wenzako, hata wale uliowaonyesha ile picha. Mungu akulinde.

Najua unapoyasoma haya baba amesimama hapo mbele yako, anakutazama usoni. Maneno yote makali niwekee mimi, nitayapokea. Yeye mpe maji aoge, mpe na chakula, na asilale akidhani umemchukia.

Mimi mdogo wako uliyemsomesha bila kujua,

Joyceline